Apgredi ya Windows Server bila kukesha: utumie DVD, flashi, mtandao au ISO iliyo ndani ya sava?

Habari zenu wakuu. Nimeamua kuliandika hili sehemu moja maana vijana wanaoanza kazi za sava wananiuliza yaleyale kila siku: kaka natumia flashi au DVD, nikiunga ISO (faili moja lenye diski nzima ya kusimikia Windows) kupitia iLO (sehemu ya sava za HP ya kuisimamia ukiwa mbali) itaisha saa ngapi, mbona yangu ina masaa matatu na bado inakopi tu. Jibu langu ni hili: kama sava inawaka na Windows yake inafunguka vizuri, ISO iweke kwenye diski ya sava yenyewe, ifungue hukohuko, na setup uianzishie hukohuko. Flashi unaiandaa pia, tena ni lazima, ila hiyo ni ya kukuokoa mambo yakiharibika, apgredi yenyewe haifanyiwi kwenye flashi.

Natumia mfano wa Windows Server 2016 kwenda 2022 kwa sababu hiyo 2016 bado ipo maofisini kibao na sapoti yake inaisha tarehe 12 Januari 2027, sasa watu wameanza kukimbizana. Kama wewe bado uko 2012 R2 (sapoti yake isiyo ya kulipia ya ziada ilikwisha tarehe 10 Oktoba 2023) jua kwamba huwezi kuruka moja kwa moja kwenda 2022, utapitia 2019 kwanza. Au uende 2025 moja kwa moja, maana 2025 inakubali kuruka hadi matoleo manne. Jambo hili liamue kabla hujadanlodi chochote, bando la GB 5 linauma ukishusha ISO ambayo haikubali sava yako.

Spidi inapotelea wapi hasa

Nadharia kidogo tu hapa, tusichoshane. Apgredi ya aina hii ina vipande kadhaa. Kipande cha kwanza Windows ya zamani bado inaendelea na kazi, setup inakagua mashine na kukopi mafaili yake kwenda folda iliyofichwa kwenye C inayoitwa $WINDOWS.~BT. Baada ya hapo sava inazima na kuwaka mara kadhaa, na huko kote inasoma kutoka C, haigusi tena DVD wala flashi wala ISO yako. Kwa hiyo ulichochagua kubebea mafaili kinaharakisha kile kipande cha kwanza tu. Vinavyobaki vinategemea diski ya C, kama ni SSD utafurahi na kama ni diski ya kuzunguka ya zamani utasubiri, hata uwe na flashi ya aina gani.

Sasa piga hesabu mwenyewe, ISO ni kama GB 5 hivi, yaani MB 5000:

DVD ya 8x inasoma takriban MB 11 kwa sekunde ikiwa kwenye mwendo wake wa juu, hapo ni dakika 7 na nusu kwenye karatasi, ila kiuhalisia inazidi sana kwa sababu kichwa cha lenzi kinahangaika kurukia vifaili vidogovidogo. Flashi nzuri kwenye porti ya USB 2.0 ni MB 30 hivi, dakika 3. Mtandao wa swichi ya zamani ya Mbps 100 ni MB 11 au 12, sawa na DVD. Mtandao wa Gbps 1 ni kama MB 110, chini ya dakika moja. SSD ya SATA ndani ya sava ni MB 500, sekunde 10. Halafu kuna ile ya kuunga ISO kutoka laptopu yako ya nyumbani kupitia VPN hadi iLO au iDRAC (hiyo ni kama iLO, ila ya sava za Dell), ukipata MB 2 kwa sekunde ushukuru, hapo ni dakika 42 na laini isikatike hata mara moja.

Unaona kwamba kati ya flashi nzuri na SSD tofauti ni dakika chache tu. Kinachowapotezea watu usiku mzima ni kuanza upya. DVD ina mkwaruzo, flashi ni feki, laini imekatika kwenye asilimia 60, basi unarudi mwanzo. Mimi nachagua njia isiyoweza kukatika katikati, na kwa bahati nzuri ndiyo hiyohiyo yenye spidi.

Uwe na nini kabla hujaanza

- ISO sahihi: toleo lilelile la leseni yako (Standard kwa Standard), lugha ileile, na kama sava yako ina desktopu basi chaguo lenye Desktop Experience. Ukiwa Core (Windows Server isiyo na desktopu) huwezi kuhamia kwenye desktopu kwa apgredi, na ukiwa kwenye desktopu huwezi kuhamia Core.
- Namba ya SHA256 (hashi, yaani namba ndefu ya kuhakiki kwamba faili halijaharibika) ya hiyo ISO kutoka pale ulipoishusha kihalali.
- Nafasi kwenye C. Mimi sianzi chini ya GB 40 zikiwa wazi.
- Nafasi nyingine ya GB 12 hivi kwenye diski nyingine ya ndani, tuseme D, kwa ajili ya ISO na folda yake.
- Flashi ya GB 16 au zaidi, iliyopimwa.
- Bekapu iliyo nje ya hiyo sava, na uwe ushajaribu kurudisha hata faili moja kutoka humo.
- UPS inayobeba, au jenereta yenye mafuta. Umeme ukikatika wakati C inabadilishwa unaweza kujikuta huna ujanja tena zaidi ya kwenda kwenye bekapu.
- Njia ya kuona skrini ya sava ikiwa inawaka: monita na kibodi, au iLO/iDRAC. Remote Desktop peke yake haitoshi maana inakatika sava ikizima na hutajua nini kinaendelea humo.

Kama sava yako ndiyo domain controller (inayosimamia akaunti na nywila za watumiaji wa mtandao mzima), ushauri wangu usiiapgredi juu kwa juu. Simamisha sava mpya pembeni, ipandishe cheo iwe domain controller, hamisha majukumu, kisha staafisha ya zamani. Ni kazi zaidi lakini unalala.

Hatua zenyewe

1. Piga bekapu. Kama huna programu nyingine tumia ile ya Windows yenyewe, E hapa ni diski ya nje:

Install-WindowsFeature Windows-Server-Backup
wbadmin start backup -backupTarget:E: -include:C: -allCritical -quiet

Ikiisha chomoa hiyo diski ya nje kabisa. Kwanza ili isiguswe, pili setup wakati mwingine inasumbuliwa na diski za USB zilizochomekwa.

2. Jua ulichonacho. Fungua PowerShell kama admini uandike:

DISM /Online /Get-CurrentEdition
Get-NetAdapter

Ya kwanza inakuambia edisheni (Standard au Datacenter). Ikiandika jina lenye Eval mwishoni ujue sava yako ni ya majaribio, shughulikia leseni kwanza. Ya pili inakuonyesha spidi ya kadi ya mtandao, ukiona Mbps 100 wakati sava ina kadi ya Gbps 1, basi tatizo ni kebo au swichi. Badilisha kebo kabla hujakopi chochote, kazi ya dakika mbili inakuokolea muda mwingi.

3. Leta ISO kwenye D ya sava. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Usikopi kwenye laptopu halafu ukapesti ndani ya dirisha la Remote Desktop, ile njia inapitisha faili kwenye muunganisho uleule wa Remote Desktop na inatambaa kama konokono, na ikikatika inakuachia faili nusu yenye jina lilelile, unadhani imeisha kumbe bado. Shea folda kwenye mashine nyingine iliyoungwa kwa kebo (kwa kebo, sio wifi), kisha ukiwa ndani ya sava vuta hivi:

robocopy \\mashine\iso D:\ISO ws2022.iso /J

Hiyo /J inasaidia faili kubwa moja lisipitie kwenye kumbukumbu ya kati. Kama mtandao wenu unakatikakatika weka /Z badala yake, itakuwa taratibu kidogo lakini ikikatika inaendelea ilipoishia. Kama upo chumba kimoja na sava, chomeka flashi au diski ya nje ya SSD ukopi ISO kwenda D, tena angalia porti. Sava kama PowerEdge R730 porti za mbele ni USB 2.0 na za nyuma ndio USB 3.0, watu wanachomeka mbele kwa uvivu wa kuzunguka halafu wanalalamika.

Nimesema D kwa sababu. Kama C na D ni diski mbili tofauti kabisa za kuzunguka, moja inasoma na nyingine inaandika, hapo mwendo ni mzuri. Kama ni diski moja iliyogawanywa, kichwa kinakwenda huku na kule. Kwa SSD usijali. Na kama ni mashine pepe ya Hyper-V au VMware, unaweza kuunga ISO kwenye drive yake ya DVD ya kufikirika, ila hakikisha ISO imekaa kwenye sehemu ya kuhifadhia ya hosti (mashine inayobeba hiyo mashine pepe) na sio kwenye laptopu yako, ukiiunga kutoka laptopu umerudi kulekule kwenye mwendo wa jongoo.

4. Pima ISO kama iko salama:

certutil -hashfile D:\ISO\ws2022.iso SHA256

Linganisha herufi kwa herufi. Ikitofautiana hata moja, futa, vuta tena. Usiseme ngoja nijaribu tu. Kuna ofisi niliitwa usiku, jamaa alishajaribu mara tatu na kila mara inakwama palepale, kuja kupima hashi tunakuta ISO haikukamilika tangu siku aliyoishusha. Tuliishusha upya ikapita mara ya kwanza.

5. Ifungue iwe folda ya kawaida. Bofya ISO mara mbili itatokea kama drive, tuseme F, halafu:

robocopy F:\ D:\WS2022 /E

Ukiendesha kutoka hiyo F bila kukopi pia itaenda, ila mimi napenda folda kwa sababu ile drive inapotea sava ikiwashwa upya, na ukihitaji kuanza tena unakuta setup imekaa palepale inakusubiri. Hakikisha picha (image, yaani edisheni ya Windows) unayoitaka imo:

dism /Get-WimInfo /WimFile:D:\WS2022\sources\install.wim

Utaona orodha ya Standard, Standard Desktop Experience, Datacenter na kadhalika.

6. Andaa flashi ya kuokolea. Tumia Rufus (programu ya kutengeneza flashi ya kubutia), chagua ISO, chagua GPT (mpangilio wa diski) kama sava inabuti kwa UEFI (mfumo mpya wa kuwashia mashine uliochukua nafasi ya BIOS). Usijaribu kuiformati FAT32 kwa mkono halafu ukapesti mafaili, install.wim ya 2022 inazidi GB 4 na FAT32 haibebi faili la ukubwa huo. Ukilazimika kutumia FAT32 kwa sababu sava yako ni mkaidi, igawe:

dism /Split-Image /ImageFile:D:\WS2022\sources\install.wim /SWMFile:D:\install.swm /FileSize:3800

Kisha kwenye flashi weka hayo mafaili ya swm ndani ya sources badala ya install.wim. Na flashi uwe umeipima kwa H2testw, zile zinazoandikwa GB 128 kwa bei ya chai nyingi ndani ni ndogo kuliko ilivyoandikwa, zinakubali kuandikwa halafu ukisoma unakuta hakuna kitu. Ukishamaliza jaribu kubuti nayo kwenye mashine nyingine, uone inafika kwenye skrini ya lugha, basi, zima.

TAHADHARI KUBWA: usibuti sava kwa flashi ukitegemea kuapgredi. Ukibuti kwa flashi au DVD, njia ya apgredi haifanyi kazi, kinachobaki ni kusimika upya, na hapo ukibofya bila kusoma umefuta sava. Apgredi ya kubakiza programu na mafaili inaanzishwa ukiwa NDANI ya Windows ya zamani. Hili naomba lishikwe vizuri kuliko yote niliyoandika hapa.

7. Punguza mizigo. Toa kabisa antivairasi ya kampuni nyingine, kuisimamisha tu haitoshi, inakagua kila faili linalokopiwa na baadaye ndio hiyohiyo inayoangusha apgredi. Vunja muungano wa kadi za mtandao (NIC Teaming) kama upo. BitLocker (kinachofunga data za diski kwa usimbaji) ikiwepo isimamishe:

Suspend-BitLocker -MountPoint C: -RebootCount 0

Simamisha huduma kubwa kama hifadhidata, waambie watu watoke. Washa sava upya mara moja kabla hujaanza, apdeti zilizokuwa zinasubiri zimalizike, maana setup ikikuta kuna kuwasha upya kunakosubiriwa itakugomea.

8. Anzisha kutoka kwenye folda:

D:\WS2022\setup.exe /dynamicupdate disable

Hilo neno la mwisho ndilo linaloleta tofauti kubwa kwetu sisi wenye intaneti ya kubembeleza. Bila hilo setup inakwenda kwanza Microsoft kutafuta apdeti, na laini ikiwa nzito unaangalia duara linazunguka tu unadhani ni flashi mbovu. Apdeti utazishusha baada ya apgredi kwa nafasi yako, ila uzishushe kweli siku hiyohiyo.

9. Chagua edisheni ileile, kubali masharti, kisha chagua kubakiza faili, seting na programu. Kama hilo chaguo limefifia SIMAMA, usichague lingine, soma chini kwenye matatizo. Likiwepo endelea, na kuanzia hapo hamia kwenye skrini ya iLO/iDRAC au monita. Hapa ndipo iLO inapofaa kweli, kukuonyesha skrini. Sava itawaka na kuzima mara kadhaa, asilimia itakaa sehemu moja muda mrefu, usiizime kwa nguvu. Angalia taa ya diski, ikiwa inapepesa kuna kazi inafanyika.

10. Ikishafunguka angalia tarehe na saa, huduma zako, leseni kwa slmgr /xpr, rudisha muungano wa kadi, washa BitLocker, sakinisha antivairasi toleo linalokubali 2022. Folda ya Windows.old usiifute siku hiyo, subiri wiki moja mbili watu watumie kwanza.

Ikigoma

*Chaguo la kubakiza programu limefifia, au unapata 0xC1900204.* Mara nyingi ISO ni ya majaribio ya siku 180 wakati sava ina leseni kamili, au edisheni au lugha hazilingani, kwa mfano sava ni en-GB na ISO ni en-US. Tafuta ISO sahihi, hakuna njia ya mkato hapa.

*0x80070570 au 0x8007025D.* Faili limesomwa vibaya. Rudi hatua ya 4, pima hashi. Ikiwa hashi iko sawa kwenye ISO, futa folda ya D:\WS2022 ukopi tena, na ikijirudia pima diski yenyewe kwa chkdsk kwa sababu inawezekana diski ndiyo inayokufa, na hapo apgredi sio shida yako ya kwanza tena.

*0xC190020E.* Nafasi haitoshi C. Hamisha magogo (logs, kumbukumbu za matukio) ya IIS, ile programu ya Windows ya kuendeshea tovuti, bekapu za zamani, profaili za watu walioacha kazi.

*0xC1900101.* Huyu ni draiva, ISO na flashi hazihusiki. Draiva ya RAID (kidhibiti kinachounganisha diski kadhaa), kadi ya mtandao au mabaki ya antivairasi. Apdeti firmware na draiva kutoka kwa mtengenezaji wa sava, kisha rudia. Magogo yapo C:\$WINDOWS.~BT\Sources\Panther, fungua setuperr.log kwanza maana ni fupi, ukikosa jibu ndio uingie setupact.log, anzia chini upande juu.

*Sava haioni flashi ya kuokolea.* Jaribu porti nyingine, hasa ya USB 2.0, sava za zamani hazibuti vizuri kwa USB 3.0. Halafu angalia kama flashi ni ya UEFI wakati sava inabuti kwa BIOS ya kizamani, au kinyume chake. Flashi ya NTFS iliyotengenezwa kwa Rufus kuna sava zinaikataa, hapo ndio unatumia ile ya FAT32 iliyogawanywa.

*Niko mbali, sina mtu wa kuchomeka flashi, sava haiwaki tena.* Hapo ISO ya kupitia iLO au iDRAC ndiyo njia iliyobaki, ujue tu kwamba mara nyingi hicho kipengele kinataka leseni ya juu, Advanced kwa iLO na Enterprise kwa iDRAC, kwa hiyo kagua leo kama unayo. Na usiiunge ISO kutoka laptopu yako. Ingia kwanza kwenye mashine nyingine iliyo ofisini kulekule, weka ISO hapo, fungua brauza ya hapo, uunge kutokea hapo, ili MB 5000 zipite kwenye swichi ya ofisi na kwenye laini yako ipite picha tu. Kama ofisi ina mashine moja tu na ndiyo hiyo iliyokufa, piga simu mtu apande bodaboda na flashi, atafika kabla ISO haijamaliza kupita kwenye VPN.